Droni ya Kwanza: Panga Kurudi Kabla ya Kurusha

Kurusha droni ni kazi ya dakika mbili. Unakunjua mikono yake minne, unawasha, unasukuma kijiti cha kushoto cha rimoti juu, nayo inapaa na kusimama hewani kama imetundikwa kwa uzi. Ukiachilia vijiti, haiendi popote. Hapo ndipo mtu hujidanganya kwamba ameshajua. Tangu nianze kupiga picha za angani huku Kisumu na vijiji vya jirani, karibu kila droni niliyoona ikiharibika iliharibikia njiani kurudi: betri imebaki kidogo, upepo umegeuka, mti umesimama pale ambapo hakuna aliyeufikiria. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia mwisho. Kila hatua, hata ya makaratasi, ijibu swali moja: itarudi vipi? Maana droni iliyotua salama lakini ikaishia kwenye droo ya kituo cha polisi nayo haijarudi.

Hatua ya 1: Makaratasi kabla ya pesa

Wengi huanzia dukani, sheria wanakuja kuiuliza baadaye. Geuza mpango huo. Kenya ina kanuni za droni tangu 2020, na anayezisimamia ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga, ile tunayoiita KCAA. Uwe umetimiza miaka 18, na droni yako yenye kamera isajiliwe kwao hata kama ni ya kujifurahisha tu. Kuingiza droni nchini kunataka kibali chao, na kibali kinatangulia mzigo. Usimwombe binamu aliye Dubai akufichie moja katikati ya nguo. Ikishikwa forodhani, kuitoa kutakugharimu muda na pesa, na pengine usiione tena.

Ya mkono wa pili ni nafuu, lakini muuzaji akuonyeshe karatasi za usajili kabla hujatoa hata shilingi, kisha mfuate utaratibu wa KCAA wa kuhamisha umiliki. Muuzaji akianza hadithi ndefu kuhusu karatasi zilizobaki Nairobi, mwage kwaheri.

Na kama una mpango wa kulipwa, iwe ni harusi au video ya ploti za kuuza, hiyo ni ngazi nyingine. Biashara ya droni inahitaji cheti cha uendeshaji kutoka KCAA na rubani mwenye leseni. Usimwahidi bibi harusi picha za angani wiki mbili baada ya kununua. Picha zake za siku hiyo hazirudiwi, na wewe bado unajifunza kushoto na kulia.

Hatua ya 2: Tafuta mahali, na jiandae kuvunjika moyo kidogo

Fungua ramani kwenye simu, weka kidole kwenye uwanja wa ndege wa Kisumu, kisha chora duara la kilomita 10. Bila ruhusa maalumu, humo ndani hurushi. Kwa viwanja vidogo vya ndege umbali ni kilomita 7. Duara la Kisumu linameza karibu mji mzima: Kondele, Milimani, Nyalenda, Mamboleo. Linachukua hata Dunga. Najua inauma, maana machweo ya Dunga, mitumbwi ikiingia, ndiyo picha ambayo kila mtu huiwaza anapofungua boksi. Lakini Dunga haijafika hata kilomita 10 kutoka kwenye njia ya kurukia ndege, na ndege inayotafuta kutua huwa chini kuliko inavyoonekana kwa macho.

Nakuru nako kuna mitego yake. Lanet pana kambi ya jeshi na kiwanja cha ndege. Hifadhi ya Ziwa Nakuru imepakana na mji, na maeneo yote yaliyo chini ya Shirika la Wanyamapori, KWS, hayarushwi droni bila idhini. Kwa Kisumu kumbuka ile hifadhi ya Impala na kisiwa cha Ndere pia. Flamingo wakitishwa wanaruka kwa maelfu, na hutakuwa na la kumweleza askari wa hifadhi.

Sasa utarushia wapi? Toka nje ya duara. Mimi hupenda upande wa Ahero, kwenye mashamba ya mpunga yaliyokwisha kuvunwa, au kuelekea Maseno, au barabara ya Bondo ukishapita Kit Mikayi. Ila kwa siku ya kwanza hakuna mahali pazuri kuliko uwanja wa mpira wa shule ya msingi wakati wa likizo, baada ya kuongea na mwalimu mkuu. Pako wazi, na yale magoli mawili yanakupa kipimo: kutoka moja hadi jingine ni kama mita 100. Hivyo unajifunza umbali kwa jicho badala ya kutegemea namba za skrini.

Ukifika, zunguka kwa miguu kwanza. Unatafuta nyaya za stima, lakini usizitafute zenyewe kwa sababu hazionekani vizuri hata ukiwa chini, na kwenye skrini hazionekani kabisa. Tafuta nguzo. Ukiona nguzo mbili, hesabu kwamba kati yake kuna waya, hata kama huuoni.

Kanuni mbili nyingine za kubeba kichwani: usipande zaidi ya futi 400, yaani mita 120 hivi, na usikaribie chini ya mita 50 kutoka kwa watu, magari na majengo yasiyo chini ya udhibiti wako.

Hiyo mita 120 ina ujanja wake katika nchi yetu ya milima. Inahesabiwa kutoka ardhi iliyo chini ya droni, lakini namba unayosoma kwenye skrini inahesabiwa kutoka pale ulipoirushia. Simama ukingoni mwa kreta ya Menengai, irushe, isukume mbele bila kuipandisha. Skrini itasema mita 10. Chini ya droni ardhi imeshaporomoka mamia ya mita, na tayari umevunja sheria bila kugusa kijiti cha kupanda. Kinyume chake ni kibaya zaidi: ukirusha ukiwa bondeni na kuipeleka kuelekea mlimani, skrini inakwambia mita 80, kumbe mlima unaifuata kutoka chini. Huko milimani usiiamini namba. Liamini jicho.

Hatua ya 3: Kazi ya mezani, jioni kabla ya siku

Chaji betri zote, ya rimoti na ya simu pia. Sasisha programu ukiwa nyumbani kwenye intaneti ya uhakika. Hakuna uchungu kama kufika uwanjani Ahero na kuambiwa usubiri faili ipakuliwe kwa mtandao wa vijiti viwili. Weka memori kadi kwenye droni, si mezani kando yake. Bandika namba ya usajili, na chini yake uandike namba yako ya simu kwa kalamu ya wino usiofutika. Anayeokota droni shambani mwake ni mtu mwema mara nyingi kuliko unavyodhani, lakini lazima ajue ampigie nani.

Kisha ingia kwenye mipangilio, utafute kimo cha kurudi nyumbani. Hapa naomba tukae kidogo.

Droni ikipoteza mawasiliano na rimoti, au betri ikikaribia kuisha, au wewe mwenyewe ukibonyeza kitufe cha kurudi, inapanda hadi kimo kilichowekwa, kisha inakuja moja kwa moja hadi mahali iliporukia. Haizunguki mji kutafuta njia. Nyingi za bei nafuu hazina macho ya mbele wala ya pembeni ya kuona kizuizi. Mwaka wangu wa kwanza niliirusha kijijini karibu na Maseno, nyuma ya boma lenye safu ya mikaratusi. Kimo cha kurudi kilikuwa mita 30, vile ilivyotoka kiwandani, sikuwa nimekigusa. Ikapita nyuma ya kilima, mawasiliano yakakatika, nami nikatulia kabisa kwa sababu nilikuwa nimesoma kwamba hurudi yenyewe. Kweli ilirudi. Ilikuja imenyooka kama mtoto aliyetumwa dukani na kuambiwa asisimame njiani, ikaingia kwenye mkaratusi wa tatu kutoka kushoto, kama mita tano chini ya kilele. Nilisikia propela zikikata majani, halafu kimya. Vijana wawili walipanda, mmoja akashuka na droni, mwingine akashuka na mkono wake mmoja, yaani wa droni. "Buda, ya soda basi," wakasema. Niliwapa.

Kwa hiyo: kadiria mti mrefu au mnara wa simu ulio karibu zaidi, ongeza mita 20, na hicho ndicho kimo chako cha kurudi. Mkaratusi uliokomaa unapita mita 30 kwa urahisi. Fanya hesabu hii kila unapobadilisha mahali, maana mipangilio ya Ahero, ambako mti ni wa kuhesabu kwa vidole, si ya Maseno.

Wakati huohuo weka kikomo cha juu mita 120, na kikomo cha umbali mita 150 kwa wiki ya kwanza. Utajiona umefungwa kamba. Ndiyo maana yake.

Hatua ya 4: Uelewe upepo wa ziwa

Anayeishi kando ya Nyanza anajua bila kufundishwa: mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, usiku hadi alfajiri hutoka nchi kavu kwenda ziwani. Jua likipanda, nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hewa yake hupaa, na hewa ya ziwani huja kuijaza nafasi. Usiku mambo hugeuka. Wavuvi wameutumia upepo huo kwa tanga tangu zamani.

Kwa droni maana yake ni hii. Asubuhi, kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa tatu, ndio wakati mtulivu na ndio wakati wako wa kujifunza. Lakini ukiwa ufukweni asubuhi hiyo, kale kaupepo kepesi usikokahisi usoni kanasukuma kuelekea majini, na juu, mita 80 hivi, kana nguvu kuliko chini. Droni inakwenda ziwani kwa raha sana. Shida inaanza unapoigeuza.

Chukua hesabu rahisi. Droni yako inakwenda mita 10 kwa sekunde, upepo ni mita 6 kwa sekunde. Ukienda na upepo, unakwenda mita 16 kwa sekunde; baada ya dakika moja uko karibu kilomita nzima. Ukirudi dhidi ya upepo unabaki na mita 4 kwa sekunde. Njia ile ile iliyokula dakika moja sasa inakula dakika nne, na propela zinafanya kazi kwa nguvu muda wote. Wengi hugeuza betri ikiwa nusu, wakidhani nusu ya kwenda na nusu ya kurudi ni haki. Upepo haujui haki.

Kanuni ni kuanza kwa kwenda kinyume cha upepo. Ukichoka au ukiogopa, upepo wenyewe unakurudishia droni. Kuujua upepo wa juu, tazama ncha za miti na moshi wa jikoni za watu, au ipandishe droni mita 40 hapo juu yako na uitazame: ikiinama sana ili tu isimame, ishushe, mkanywe chai. Matawi madogo na vumbi vikianza kusogea, mwanafunzi apumzike. Na saa nane mchana mawingu yakijikusanya upande wa Nandi, funga begi hata kama uliko jua linawaka. Mvua ya radi ya Kisumu haipigi hodi.

Watu wa Nakuru wana jambo la ziada. Mji uko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na hewa huko ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa kama asilimia 17. Propela huzunguka kwa kasi zaidi kubeba uzito uleule, na betri huisha mapema kuliko boksi linavyoahidi.

Hatua ya 5: Salimia wenyeji

Kabla ya kuwasha, tafuta mwenye shamba na mzee wa kijiji. Kuna mzee mmoja wa upande wa Ahero aliniuliza swali ambalo wengine hulinyamazia: "Kijana, hiyo inaona mpaka ndani ya nyumba?" Nilimpa rimoti aishike, nikapandisha droni mita 30 juu ya shamba, nikamwonyesha paa lake. Mabati, kuku, na shati lake kwenye kamba. Akacheka, akasema niende mbele, ila nisipige upande wa bafu. Ombi la haki. Mabafu yetu mengi ya vijijini hayana paa, na Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, inayogusa pia picha za watu wanaotambulika.

Watoto watakuja. Hata uwe nyikani watakuja, na watakimbia kuelekea pale inapotua, si kinyume. Tafuta mkubwa wao, mpe cheo cha askari, mchoree mstari kwa fimbo: hakuna kuvuka mpaka propela zisimame. Mimi sijawahi kuona askari mkali kama msichana wa darasa la sita aliyepewa cheo.

Hatua ya 6: Dakika kumi za kwanza

Weka kipande cha ubao au mkeka uliobanwa kwa mawe, usirushie kwenye udongo mtupu. Vumbi la udongo mweusi wa Kano likiingia kwenye mota, linabaki. Kaa mbali na gari, na usiweke droni juu ya zege lenye nondo ndani wala juu ya mabati. Dira yake huchanganyikiwa. Toa kile kifuniko cha kamera. Kila mtu huwa amekisahau walau mara moja.

Pitisha kidole kwenye ukingo wa kila propela. Mkwaruzo ukishika ukucha, ibadilishe.

Washa rimoti, kisha droni, halafu usifanye kitu. Subiri ipate setilaiti za kutosha na itangaze kwamba imeweka alama ya nyumbani. Ukikimbilia kurusha kabla ya hapo, droni haijui nyumbani ni wapi, na ile habari yote ya kurudi yenyewe inakuwa maneno tu. Dakika moja ya kusubiri.

Ipandishe hadi kimo cha kichwa chako, ikiwa mita tano mbele yako, na uiache hapo. Sikiliza. Sauti iwe moja, kama nyuki wengi. Ikiwa inapanda na kushuka au ina mlio wa kukwaruza, shusha. Jaribu kila kijiti kidogo kidogo. Kwa kawaida cha kushoto kinapandisha, kinashusha na kuzungusha pua. Cha kulia kinapeleka mbele, nyuma na pembeni.

Halafu fanya mazoezi haya, betri nzima kwa kila moja, bila kurekodi chochote. La kwanza, chora mraba hewani, mkia ukikuelekea wewe wakati wote. La pili, lenye kazi: igeuze pua ikutazame, kisha chora mraba uleule. Sasa kushoto kwake ni kulia kwako. Mkono utasukuma upande usio, moyo utaruka, na hapo ndipo utajua kwa nini ulianzia uwanja mtupu. Ukichanganyikiwa, achilia vijiti vyote. Itasimama. Kuachilia ndilo jambo la kwanza la kuzoeza vidole, kwa sababu silika ya binadamu akiogopa ni kukaza.

La tatu, ipeleke mita 80 kisha ubonyeze kitufe cha kurudi nyumbani, makusudi, betri ikiwa imejaa. Itazame inavyopanda, inavyogeuka, inavyokuja na kushuka. Jifunze pia kuikatiza katikati ya safari. Siku itakaporudi yenyewe bila kukuuliza, isiwe mara yako ya kwanza kuiona.

Wakati wote macho yawe kwenye droni, si kwenye skrini. Ile ndogo ikifika mita 300 ni nukta tu, na ukipepesa macho umeipoteza. Kuishusha kutoka juu, iteremshe kwa mshazari, ikisogea mbele kidogo. Ikishuka wima kwa kasi, inazama kwenye hewa iliyovurugwa na propela zake na kuanza kuyumba.

Mwewe, wadudu na maji

Mwewe wa Kisumu wameshajifunza kunyakua nyama choma mkononi mwa mtu, droni haiwatishi. Akianza kuizunguka, usiishushe. Ipandishe kwa kasi, kwa kuwa hushambulia kutoka juu, kisha ondoka eneo lake. Akirudi mara ya pili, wewe ndiye mgeni.

Ukiona juu ya ziwa kitu kama nguzo ya moshi usio na moto, hao ni wadudu wa ziwani kwa mamilioni. Usipite humo.

Na juu ya maji usishuke chini ya mita tano. Kamera ndogo za chini, zinazosaidia droni kusimama, husoma alama za ardhi. Mawimbi yanasogea, nazo zinadhani ardhi inasogea. Gugumaji lililosukumwa na upepo linazidanganya zaidi.

Betri

Boksi likisema dakika 30, wewe panga 20. Zile 30 zilipimwa bila upepo. Ikifika asilimia 30 uwe umeshaanza kutua, si kuanza kurudi.

Baada ya kutua iache ipoe kabla ya kuchaji. Chaji juu ya sakafu ya simenti ukiwepo, usiiache usiku kucha kando ya godoro. Usiiache kwenye gari juani. Kama hutarusha kwa wiki mbili, ihifadhi ikiwa nusu hivi, kwani iliyokaa imejaa huzeeka haraka. Ikivimba, hata kidogo kama andazi lililoanza kuumuka, imekwisha: usiitoboe, usiichome, usiitupe chooni. Iweke nje kwenye ndoo ya mchanga hadi utakapoipeleka kwa wanaokusanya taka za elektroniki.

Beba daftari dogo. Kila ukitua, kabla ya kuangalia picha, andika mahali, saa, upepo ulitoka wapi, na namba mbili: asilimia ya betri ulipogeuza, na asilimia ulipotua. Kwangu, ukurasa wa kwanza unasema: uwanja wa shule, saa moja asubuhi, upepo wa mashariki, 62, 41. Wa pili unasema: Maseno, saa kumi, 55, halafu kistari.